Anayebeba Bendera

Tarehe 20 Oktoba 2018, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa katika uwanja wa Bukhungu, mjini Kakamega. Kwa miaka mingi sherehe za namna hiyo zilikuwa za Nairobi. Mtu wa Malava, Shinyalu au Butere aliziona kwenye runinga au kuzisikiliza redioni. Mwaka huo gwaride lilimfuata karibu na kwake, na aliyepata nafasi nzuri jukwaani aliweza kuangalia kwa utulivu mambo ambayo kamera huyapita haraka: nani ana tepe mkononi na ni ngapi, nani ana nyota begani, nani ameshika upanga na nani bunduki.

Mambo hayo yanaonekana madogo, lakini ndani yake mna historia nzima. Jeshi lolote ni watu waliopewa silaha. Kinacholifanya liwe la nchi, la mfalme, la mkoloni au la waasi ni alama ambayo askari wamekubali kuifuata, pamoja na ngazi ya vyeo inayoamua nani anaruhusiwa kuishika alama hiyo. Afrika Mashariki ilibishania suala hili kwa damu kuanzia mwaka 1897 hadi 1982. Waroma walikuwa wamelibishania zamani sana, na kisa chao kinasaidia kuona cha kwetu.

Kufikia karne ya 4, vikosi vingi vya Roma vilikuwa vimechukua alama iliyotoka kwa maadui wao wa zamani wa upande wa mto Danube: joka. Kichwa chake kilifuliwa kwa shaba, kinywa wazi, meno nje, kikachomekwa kwenye ncha ya mkuki mrefu. Nyuma yake kulishonwa mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi. Mpanda farasi alipokwenda mbio, upepo uliingia kinywani, mkia ukajaa na kujipindapinda, na joka likatoa mlio. Kichwa kimoja cha aina hiyo kilichimbuliwa Niederbieber, Ujerumani. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwanajeshi, anasimulia jinsi Kaisari Constantius wa Pili alivyoingia mji wa Roma mwaka 357 akiwa amezungukwa na majoka ya zambarau yaliyokuwa yakifoka kwa upepo.

Mwaka huohuo joka lilionyesha kazi yake halisi. Katika vita vya Strasbourg, wapanda farasi wa Roma waliingiwa na hofu wakageuka kukimbia. Kamanda wao, Julian, akawakimbilia. Walimtambua kwa joka lake la zambarau lililochakaa kama gamba la nyoka mzee, na mkuu wa kikosi kimoja akashikwa na aibu, akasimama, akaanza kuwarudisha watu wake. Katikati ya vumbi na makelele amri ya mdomo haifiki mbali, ila alama iliyo juu ya vichwa vya watu huonekana na kila mtu.

Aliyelibeba joka kama hilo hakuwa mtoto wa mkubwa. Alikuwa askari wa kawaida aliyekomaa kazini, mwenye mkufu mzito shingoni wa kumtambulisha. Mwandishi Vegetius, anayeeleza desturi za vikosi vya Roma, anasema kwamba wabeba alama walichaguliwa kwa uaminifu na pia kwa kujua kusoma na kuhesabu, kwa sababu wao ndio waliotunza akiba za askari. Sehemu ya bakshishi ya kila askari iliwekwa chini ya alama ya kikosi chake, mifuko kumi kwa vikosi kumi, na mfuko wa 11 ukawa wa kuwazika wale waliokufa. Hesabu hiyo ilikuwa ya busara: askari ambaye pesa zake zimekaa penye bendera hatoroki kirahisi, na bendera ikivamiwa anapigania pia kilicho chake. Mtu wa Kakamega aliyewahi kuwa katika chama cha akina mama au kikundi cha kuzikana ataelewa mara moja kwa nini mweka hazina huchaguliwa kwa makini kuliko mwenyekiti.

Vyeo vya jeshi hilo la baadaye vilikuwa vingi. Mtakatifu Jerome, akiandika mwishoni mwa karne ya 4, alivitaja kwa mpangilio wakati akitoa mfano wa afisa anayeshushwa hatua kwa hatua: kutoka tribunus aliye juu, kupitia primicerius, senator, ducenarius, centenarius, biarchus, circitor na eques, mpaka tiro, yaani kuruta. Circitor ndiye aliyezunguka usiku kukagua zamu za walinzi. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba ilikuwa ngazi moja ndefu. Kuruta wa chini kabisa alisimama kwenye ngazi ileile aliyosimama mkubwa wake, na wapo waliopanda mpaka juu.

Mmoja wao ni Maurus. Mapema mwaka 360 Constantius alitoa amri kwamba vikosi bora vya Julian viondoke Paris viende kupigana mashariki, mbali na nyumbani kwao. Askari walikataa. Usiku walilizingira jumba la Julian, wakamtoa nje, wakamsimamisha juu ya ngao ya askari wa miguu na kumtangaza kuwa kaisari. Ikabaki shida moja: taji halikuwapo. Wakamwambia alete mkufu wa mkewe, akakataa akisema kujipamba kwa vitu vya mwanamke ni mkosi. Wakafikiria pambo la farasi, akalikataa pia. Ndipo Maurus, mbeba joka wa kikosi cha Petulantes, akajivua mkufu wa kazi yake na kumvisha Julian kichwani. Julian akaahidi kila mtu sarafu tano za dhahabu na ratili moja ya fedha. Maurus mwenyewe baadaye alipanda hadi cheo cha comes, kamanda mkubwa.

Askari wa ngazi ya chini, kwa kitambulisho cha kazi yake ya kubeba bendera, ndiye aliyemvika taji mtawala wa dola. Watawala waliofuata hawakukosa kulielewa somo hilo. Anastasius, aliyetawala kuanzia 491 hadi 518, aliagiza idadi ya watu wa kila cheo na malipo yao vichongwe kwenye mabamba ya mawe huko Perge, kusini mwa Uturuki ya leo, mahali ambapo kila askari angeweza kuona haki yake.

Waingereza, waliotuachia jeshi letu la leo, walifuata njia nyingine. Katika desturi yao bendera ya kikosi haibebwi na askari mkongwe. Hubebwa na afisa mchanga kabisa, kijana wa nyota moja ambaye zamani cheo hicho alinunuliwa na baba yake. Mkongwe kazi yake ni kumlinda. Mwaka 1813, wakati wa vita dhidi ya Napoleon, walianzisha cheo maalumu cha sajini wa bendera, mtu wa kusimama kando ya kijana huyo na kufa kabla yake ikibidi. Walikuwa na ngazi mbili, ya tepe na ya nyota, na aliyezaliwa upande wa tepe kwa kawaida alistaafu upande huohuo. Bendera zenyewe waliacha kuzipeleka vitani baada ya mapigano ya Laing's Nek, Afrika Kusini, mwaka 1881. Bunduki za kisasa zilikuwa zimemfanya mbeba bendera kuwa shabaha. Bendera zikabaki kwenye gwaride, na heshima yao ikazidi badala ya kupungua.

Walipofika Magharibi mwa Kenya, Waingereza hawakuja na askari wao. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, alikwenda karibu na Ziwa Albert kuwachukua Wasudani waliobaki wa jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri upande huo, na hao ndio waliokuwa ngome ya utawala wa Uganda. Eneo la Kakamega ya leo lilikuwa sehemu ya Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902. Kituo chake kilikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, kwenye njia ya misafara. Makao ya wilaya yalihamia Kakamega baadaye. Mwaka 1895 Wasudani hao, pamoja na wapiganaji wa Wanga, Waganda na Wamaasai, walipelekwa kuwapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Mtu wa Bungoma hadi leo anajua majina hayo mawili.

Wasudani walikuja na vyeo vyao vya Misri, vyenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Wajerumani wa Tanganyika nao wakaajiri watu wa aina hiyo na kuvichukua vyeo hivyo karibu vilivyo, kutoka askari, ombasha, shaushi, beshaushi, sol, mpaka efendi. Efendi alikuwa afisa. Hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu ina maana kwamba mwanzoni kabisa mwa ukoloni palikuwa na Waafrika waliowaamuru Waafrika wenzao wakiwa na cheo cha uafisa.

Mwaka 1897 wengi wa Wasudani wa Uganda walichoka. Walikuwa wamepiganishwa na kutembezwa nchi hadi nchi, mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, na sasa walitakiwa kumfuata Meja Macdonald safari nyingine ndefu. Walikataa huko Eldama Ravine, wakarudi magharibi hadi ngome ya Luba, Busoga, wakaiteka. Efendi wao walikuwa pamoja nao, miongoni mwao Mabruk, na Meja Thruston, aliyewaamini akaenda kuzungumza nao, aliuawa. Mlinganisho na Paris ya mwaka 360 hauhitaji kulazimishwa: vikosi vimechoka, amri ya safari ya mbali imetolewa, malipo ni haba. Tofauti ni kwamba Wasudani hawakuwa na Julian.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vyote vya Waingereza vya Afrika Mashariki na Kati viliunganishwa kuwa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Ndani yake Mwafrika angeweza kuwa koplo, sajini, hata sajini meja wa kikosi, mtu wa kutetemekewa na kambi nzima. Kwa wengi, hapo ndipo ngazi ilipoishia. Kijana wa Kizungu aliyetoka shule juzi alikuwa mkubwa wake. Bendera ya kikosi, kwa desturi ile ya Kiingereza, ilikuwa upande wa pili wa mpaka huo.

Waandikishaji nao walikuwa na imani zao kuhusu makabila. Wakamba na Wakalenjin walipendelewa kwa kazi ya bunduki. Vijana wa Kiluhya na Kijaluo waliosoma shule za misheni mara nyingi walipelekwa kwenye mawasiliano, udereva, ukarani na tiba. Katika Vita vya Pili vya Dunia watu wa sehemu zote hizo walikutana Ethiopia, Madagascar na Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana bonde la Kabaw na kufika Kalewa mwishoni mwa 1944, ilivaa begani alama ya kichwa cha kifaru. Askari waliivaa kwa fahari, na waliporudi nyumbani fahari hiyo haikupata pa kwenda.

Miaka ya 1950 Waingereza walikifufua cheo cha efendi. Hakikuwa tena uafisa kamili. Kilikaa juu ya sajini meja na chini ya luteni wa chini kabisa, mlango uliofunguliwa nusu. Idi Amin wa Uganda alikipata mwaka 1959. Kutokana na efendi tukapata afande, neno ambalo leo kila mtu anamwitia polisi barabarani. Joseph Ndolo na Jackson Mulinge, wote Wakamba, walipita katika mlango huo kabla ya kupewa nyota kamili mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 vikosi vya Keya vya Kenya vilibadilishwa jina vikawa Kenya Rifles. Bendera ya nchi ilipanda. Maofisa wengi wakubwa kambini, hata hivyo, walikuwa walewale wa juzi, na mishahara ilikuwa ileile. Hatari ya mpango kama huo ilionekana mapema sana.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, kikosi ambacho zamani kilikuwa Keya ya 6, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza. Walitaka mambo mawili: nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Sajini Francis Hingo Ilogi ndiye aliyekuwa mstari wa mbele, naye Luteni Elisha Kavana akajikuta ametajwa kuwa kamanda wa batalioni nzima, bila ngao ya kusimamia. Siku tatu baadaye moto ulishika Jinja, Uganda, na tarehe 24 Januari ukashika Lanet, Nakuru, katika batalioni ya 11 ya Kenya Rifles. Serikali zote tatu zililazimika kuwaomba Waingereza walewale waje kuwazima askari wao. Kwa viongozi waliokuwa wamehutubia uhuru juzi, hilo lilikuwa chungu.

Adhabu zilizotolewa zinaeleza mengi. Pamoja na kesi na vifungo, Rais Nyerere alilivunja jeshi zima la Tanganyika, na tarehe 1 Septemba 1964 akaanzisha Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Mrisho Sarakikya, lenye vyeo vinavyotamkwa kwa Kiswahili mpaka leo: luteni usu, sajinitaji, afisa mteule. Kenya iliifuta batalioni ya 11. Namba yake ikaondolewa, na kikosi kisicho na namba hakina bendera. Desemba mwaka huo Kenya ikawa jamhuri na taji la malkia likaondoka kwenye alama za jeshi. Tarehe 1 Desemba 1966 Ndolo, aliyeanza kwa kubeba bunduki ya Keya, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Kenya. Mulinge alimfuata na akaendelea hadi kuwa jenerali kamili, wa kwanza nchini.

Bendera za vikosi zilibaki, na utaratibu wa kuzitembeza ulirithiwa pamoja nazo. Siku ya Jamhuri kikosi kimoja huchaguliwa kutembeza bendera yake mbele ya Rais, na utaratibu huo unastahili kuangaliwa hatua kwa hatua. Mwanzoni bendera imesimama peke yake upande mmoja wa uwanja, sajini akiwa ameishika, walinzi wawili kando. Sajini meja anatoka na wasindikizaji. Anaipokea kutoka kwa sajini, anageuka, anaikabidhi kwa afisa kijana aliyevaa mshipi wa bega wenye kikombe cha ngozi, na afisa huyo anausimika mti wa bendera ndani yake. Silaha zinainuliwa. Kisha bendi inapiga mwendo wa polepole na bendera inapitishwa kati ya mistari ya askari, uso kwa uso na kila mmoja wao. Hapo zamani nia ilikuwa askari aijue bendera yake kabla ya vita, ili aitambue ndani ya moshi. Katika dakika hizo chache bendera imepanda ngazi yote: sajini, sajini meja, afisa. Mkono uliokaa nayo muda mrefu zaidi kazini ndio unaoiachia.

Pengo hilo kati ya tepe na nyota lilipasuka mara nyingine. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa waliiteka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, hakuwa hata koplo. Alikuwa praiveti mwandamizi, cheo cha karibu na chini kabisa. Kwa saa chache alijiona mtawala wa Kenya, kisha akakimbilia Tanzania. Alirudishwa, akashtakiwa, akanyongwa mwaka 1987. Waliouawa siku hiyo na zilizofuata walikuwa wengi, na hakuna anayepaswa kulisimulia jambo hilo kama kioja. Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, aliyeongoza kuzima jaribio, ndiye aliyekabidhiwa kujenga upya. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa lote, na jina lake likachukuliwa: kwa miaka zaidi ya kumi liliitwa '82 Air Force, likibeba mwaka wa aibu yake kama namba ya mfungwa, hadi jina la zamani liliporudishwa miaka ya 1990.

Mwaka mmoja baada ya jaribio hilo, 1983, Fatuma Gaiti Ahmed alijiunga na jeshi. Wakati huo wanawake walikuwa na kikosi chao cha pekee, na vyeo vyao vilipanda ndani ya ua huo tu. Kikosi hicho kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na wanawake wakaingizwa kwenye ngazi ya kila mtu. Mwaka 2015 akawa brigedia, 2018 meja jenerali, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa lenyewe, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi lolote la majeshi ya Kenya.

Kakamega ya leo ina shughuli ya kuandikisha askari ambayo haipungui watu. Tangazo likitoka, vijana huja uwanjani na vyeti vyao, wengine kwa miguu kabla ya jua. Wanapimwa urefu, wanakaguliwa meno, wanakimbizwa. Aliyepita anapelekwa Eldoret, kambi ya Moi, kufunzwa ukuruta. Mwenzake aliyekaa naye darasa moja, aliyepata alama za juu zaidi za KCSE na kuitwa kama kadeti, atakwenda chuo cha kijeshi cha Lanet, mahali palepale pa mwaka 1964, na akitoka ana nyota. Kwa hiyo ngazi mbili za Waingereza zipo bado, ingawa kinachomweka mtu kwenye hii au ile sasa ni karatasi ya mtihani. Ni haki zaidi kuliko rangi ya ngozi. Lakini mtihani unaofanywa na kijana wa miaka 18, katika shule ya kutwa ya Lugari au Navakholo ambako hata maabara huenda haipo, ni kipimo finyu cha nani atafaa kuongoza watu baada ya miaka 20. Nafasi za kuwatoa masajini wazuri na kuwapa nyota zinastahili kuongezwa, na wakubwa wa jeshi wanajua kutoka kwa Ndolo na Mulinge kwamba inawezekana. Kwa sasa, yule wa Lanet anaweza kuikumbatia bendera ya kikosi kwenye gwaride la Jamhuri ndani ya miaka michache. Wa Eldoret, akijituma na kupandishwa tepe baada ya tepe, ataifikia siku moja akiwa sajini, na zamu yake itakuwa kuilinda hadi kijana aje kuichukua.